Tepu Nyuma ya Simu

Kikapu cha simu kilikuwepo kabla ya wafanyakazi wengi kuajiriwa. Ni kikapu cha plastiki cha kubebea nguo, buluu iliyopauka, mpini mmoja umekatika, na makao yake ni juu ya meza ya msimamizi, pale unapoingilia. Kiwanda chenyewe ni cha kufulia: mashuka ya hospitali, taulo za hoteli, makoti ya madaktari, vyote vinaingia vichafu mlango wa nyuma na kutoka vimekunjwa mlango wa mbele. Mule ndani maji yanaruka, mvuke unapanda, sakafu ni utelezi wa sabuni kuanzia asubuhi mpaka jioni. Simu ya mfukoni haimalizi wiki. Basi kila anayefika huitia yake kwenye mfuko wa nailoni, huiweka kikapuni, huyo anakwenda zake.

Na kwa kuwa mtu mwenye mikono miwili ndani ya shuka lililolowa hawezi kukimbilia kila mlio, walijizoeza jambo. Nyuma ya kila simu kulibandikwa kipande cha tepu nyeupe, kimeandikwa jina la mwenyewe na namba ya siri ya kuifungulia. Ujumbe ukiingia, yeyote aliye karibu na meza huifungua, huusoma, hupaza sauti: mwanao ana homa, shangazi yako amefika, mwenye nyumba anakutafuta, jifiche. Hakuna aliyeona ajabu. Watu wanaofua damu na matapishi ya wasiowajua, wafichane namba nne?

Mzee Rola naye alikuwa na tepu yake, ila hakuiandika yeye. Jina hilo alilipata kwa mashine: kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kulisha mashuka kwenye rola ya moto inayonyoosha, na vidole vyake vilikomaa hata akishika kikombe cha chai inayochemka hashtuki. Simu ilikuwa ya mkewe. Mkewe ndiye aliyeandika ile tepu kwa wino mzito, saba zake zina kimkia katikati kama alivyofundishwa shuleni. Mzee Rola aliishia darasa la nne. Makaratasi ya nyumba yao yote aliandika mkewe: barua za shule, fomu za hospitali, hata ombi lake yeye la likizo.

Mama huyo alikuwa akisimamia mashine ya kukamua. Ni pipa kubwa la chuma linalozunguka kwa kasi mpaka nguo ziteme maji, na mlango wake una kufuli la usalama: pipa likiwa bado linazunguka, mlango haufunguki hata uusukume kwa bega. Kufuli lile likaharibika. Wakubwa wakaambiwa. Wakubwa wakasema kazi isisimame, kufuli likang'olewa, mlango ukafungwa kwa waya wa umeme. Sasa mtu mwenye akili zake anafunga mlango kama ule kwa waya? Anafunga, kama anayesimama mbele yake siku nzima si yeye. Asubuhi moja waya ukaachia, mlango ukaruka wenyewe, pipa likashika mkono wa koti la yule mama. Yaliyofuata hayasimuliki.

Fundi aliyekuwa hapatikani siku zote hizo akapatikana mchana huohuo. Maiti haijaoshwa, kufuli jipya limeshafungwa. Kesho yake ikatoka taarifa ya ajali, ina muhuri, na ndani yake mstari mmoja: "Marehemu alifungua mlango kabla mashine haijasimama, kinyume cha utaratibu." Msibani wakaleta katoni mbili za sabuni ya unga na maneno matamu. Sabuni Mzee Rola hakuigusa. Mstari ule ndio uliomkaa kooni. Mkewe, aliyekuwa akiwafokea wasichana wapya wasisogelee mlango hata pipa likiwa limetulia, leo yumo kwenye faili la kampuni na faili la serikali kwamba alijiua kwa uzembe.

Simu yake ilikaa kabatini miezi saba. Halafu simu ya Mzee Rola ikatumbukia kwenye tangi la kulowekea, ndipo akaitoa ya marehemu. Namba ya kwenye tepu ikaifungua. Alikuwa akitafuta sura ya mkewe tu, ajitazamie. Akakuta picha tatu za mlango wa mashine: kufuli hakuna, waya mwekundu umezungushwa mara mbili, na pembeni ubao wa zamu una tarehe ya siku tisa kabla ya ajali.

Akaenda kumsimulia afisa wa kazi, mama mmoja wa makamo, miwani yake inaning'inia shingoni kwa kamba, asiyependa maneno mengi.

"Usinitumie, usizifute, usizihamishe," afisa alimwambia. "Niletee simu yenyewe. Picha iliyotumwatumwa watasema imetengenezwa. Ikikaa palepale ilipopigwa, simu inajieleza yenyewe, siku na saa. Alhamisi ijayo, saa nne asubuhi. Na wao nimewaita."

"Na ule mstari?"

"Picha zikiwa kama unavyosema, mstari hautabaki."

Basi hilo ndilo aliloamka nalo na kulala nalo: simu ifike Alhamisi ikiwa kama alivyoikuta.

Jumatatu ya wiki hiyo msimamizi akapanda juu ya kreti. Wafanyakazi walimwita Kipaza, kwa sababu hata akikuomba chumvi utadhani anatangaza vita.

"Kuanzia kesho daftari la kusaini basi," alisema Kipaza. "Kila mtu atakuwa na programu ya kampuni kwenye simu yake. Unafika getini, unabonyeza, inajua umefika. Mambo ya kisasa."

"Inajuaje?" aliuliza Chapchap, mkunjaji wa mashuka, mwanamke mwembamba ambaye mikono yake huwezi kuifuata kwa macho, na ndiye pekee kiwandani aliyeambiwa na Mzee Rola habari za zile picha.

"Inajua tu."

"Na nikichelewa kwa sababu choo ni kimoja na nyuma yangu kuna watu kumi, inajua?"

Watu wakacheka. Kipaza akaweka mikono kiunoni. "Msijali kuhusu kuipakua. Mtu wa kompyuta wa ofisini amenitumia faili. Nitawawekea mimi mwenyewe, simu si zipo hapa? Nyie fanyeni kazi."

Mzee Rola alisikia, lakini simu ilikuwa tayari imeshaingia kikapuni. Asubuhi hiyo, kama asubuhi zote, mkono ulikwenda wenyewe: mfuko wa nailoni, fundo moja, kikapuni. Alikuwa ameshasimama mbele ya rola, mashuka yanapita, ndipo alipozikumbuka zile picha. Ukiiacha rola na shuka ndani, linaungua. Akalimaliza lile, akalimaliza la pili, akamwita mwenzake ashike, akatoka.

Kipaza alikuwa mezani, simu zimepangwa mbele yake kama vigae. Anaokota moja, anaigeuza, anasoma tepu, anaifungua, anaweka faili. Simu inauliza: programu hii haikutoka dukani, inaweza kukudhuru, uendelee? Kipaza anabonyeza endelea. Inauliza iruhusiwe kusoma ujumbe. Ruhusu. Picha. Ruhusu. Kipaza sauti, orodha ya majina, mahali ulipo. Ruhusu, ruhusu, ruhusu, kama karani anayegonga mihuri huku akiwaza chakula cha mchana.

"Afadhali umekuja, mzee wangu," alisema. "Hii yako imenigomea. Nimejaribu mara mbili."

"Jaribu na ya tatu, ijifunge kabisa."

"Namba si hii hapa?"

"Ndiyo hiyo hapo."

"Mbona haifungui?"

"Unaniuliza mimi? Fundi ni wewe unayezifungua simu za watu."

Tepu ile ilikuwa inadanganya tangu Jumamosi. Mpwa wake, binti wa marehemu dada yake, ni fundi simu, ana kibanda cha vioo mkabala na kituo cha mafuta. Alipoonyeshwa zile picha alisema, Mjomba, badilisha namba leo hii, na hiyo tepu ibandue. Namba akakubali. Tepu akakataa. Akasema ule ni mwandiko wa mama, haubanduliwi na mtu. Mpwa wake akasema, "Basi iache hapo, ila iwe ya uongo." Ndiyo maana siku hiyo Kipaza aligonga mwamba, na Mzee Rola akaondoka na simu yake kifuani, ndani ya shati, imemgusa ngozi.

"Mwisho Jumatano jioni, mzee," Kipaza alimpazia sauti mgongoni. "Asiyekuwa na programu, geti halimjui."

"Miaka kumi na tisa halijanijua tu?"

Jumanne Chapchap aliitwa ofisini ghorofa ya juu. Alirudi uso umemshuka. Alikunja mashuka matatu bila kusema neno, na kwa Chapchap hilo lilitosha watu kugeuka.

"Kuna nini, binti yangu?" Mzee Rola alimuuliza.

"Baba, bosi ananiambia, huko unakotaka kuhamia kuna joto kuliko hapa, kaa tulia. Na mimi sijamwambia mtu yeyote. Nilimwandikia dada yangu tu, juzi usiku, aniulizie nafasi kwenye kile kiwanda kingine. Dada yangu bosi atamjulia wapi?" Akafuta jasho kwa mgongo wa mkono. "Leo nimemtukana dada yangu kwenye simu mpaka kalia."

Mzee Rola akaangalia kikapu kule mezani. Hakuwa msomi, lakini alijua shuka likitoka na doa ambalo halikuingia nalo, doa limetoka ndani ya mashine.

Jioni jua bado lipo juu, wakaenda wote wawili kibandani kwa mpwa wake. Kibanda kina meza moja, taa ya kukunja, na vifuniko vya simu vimetundikwa kama mishikaki. Binti akaichukua simu ya Chapchap, akaifungua kwa tepu iliyoko nyuma, akatikisa kichwa, akaingia mahali Chapchap hakuwahi kujua kama papo.

"Mama, hii programu ni ya kufanyia nini?"

"Ya kubonyeza nikifika kazini."

"Kufika tu?"

"Kufika tu."

"Sasa ya kufika inataka nini kwenye ujumbe wako? Tazama. Imeruhusiwa kusoma ujumbe, kusikiliza, kutazama picha, kufuta picha, kujua upo wapi hata ukilala. Imeruhusiwa yote. Aliyekuwekea hakuruka hata moja."

"Aliniwekea Kipaza."

"Ukimpa namba ya siri kipofu ataiweka hivihivi. Programu ikitoka dukani angalau kuna mtu ameipekua, ingawa na huko zipo za ovyo, unasoma kwanza inaomba nini. Hii imetumwa kwa mkono, faili tu, nani aliyeitengeneza hajulikani. Na usidhani wanaosoma ni mabosi wako peke yao. Aliyeitengeneza naye anasoma. Mtu wenu wa kompyuta ameiokota bure huko mtandaoni, na kizuri cha bure kama hiki lazima kiwe na mwenyewe anayekula mahali."

Chapchap akakaa kwenye kigoda. "Dada yangu masikini," alisema.

"Niifute? Unazima ruhusa zote hizi kwanza, kisha unafuta."

"Nikiifuta geti halinijui. Nina watoto watatu, mdogo hajaacha ziwa." Akaichukua, akaitia mfukoni kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota kitu kilichokufa. "Iache kwanza. Nitajifanya bubu."

Mzee Rola hakumlaumu. Wa kulaumiwa aliwajua, na hakuna hata mmoja wao aliyekaa kwenye kigoda.

Jumatano saa sita akaitwa yeye.

Ofisi ya meneja ina kipoza hewa na zulia. Ukitoka kule chini kwenye mvuke, unapoingia mle nguo zinakugandia mwilini. Meneja alikuwa mtu wa sauti laini, wa kukushika bega. Alimwamkia mwenyewe, akamvutia kiti, akamwagizia maji.

"Mzee wetu, nguzo ya kiwanda hiki," alianza. "Wewe ndiye unayewafundisha hawa vijana kazi."

Mzee Rola akakiona kilemba cha ukoka kinavyomshukia kichwani. Akanywa maji.

"Nasikia programu hujaweka."

"Simu yangu ni nzee. Haipendi wageni."

Meneja akacheka. "Basi iache hapa kwa mtu wetu wa kompyuta, saa moja tu. Ataikagua, ataisafisha, ataiweka sawa. Najua kesho tuna kikao kwa afisa. Sisi hatuna ugomvi na wewe. Tena tunataka kukusaidia. Hizo picha tatu za marehemu zinaweza kupotea, simu zenyewe hizi. Tukuhifadhie kwetu, pahala salama."

Mzee Rola akaweka bilauri mezani polepole, isilie.

"Nani kakwambia ni tatu?"

Meneja akanyoosha kalamu iliyokuwa imenyooka tayari. "Si ndivyo inavyosemekana huko chini."

"Huko chini hakuna anayejua kama zipo, isipokuwa mmoja. Afisa nilimweleza mimi, na barua aliyowaandikia haina neno picha, nilisomewa. Mpwa wangu hamumjui." Alikuwa akihesabu kwa vidole vyake vilivyokomaa, bila haraka. "Abaki huyo mmoja. Jumapili aliniandikia, baba, picha zote tatu zitunze kama mboni ya jicho. Aliandika kwenye simu yake, na simu yake Jumatatu mmeiwekea dude lenu."

"Mzee, usichanganye mambo."

"Sijachanganya. Yalikuwa yamechanganyika, ndiyo kwanza nayachambua."

Sauti laini ikaisha. Meneja akasema, bila kumwita mzee wala nguzo, kwamba asipoweka programu hadi jioni ni sawa na kuacha kazi kwa hiari, na mtu aliyeacha kazi kwa hiari asishangae kibarua kikiota nyasi. Akasema fikiria umri wako. Akasema hata marehemu angekushauri hivyo.

Hapo alikosea. Kama angelitaja kila kitu duniani na kumwacha yule mama apumzike, pengine Mzee Rola angetoka amenyamaza, akasubiri kesho yake kama alivyopanga. Alikuwa mtu wa kusubiri. Alisubiri kufuli, alisubiri taarifa, alisubiri haki kwenye mabenchi ya mbao.

"Marehemu," alisema akisimama, "ndiye aliyezipiga."

Akashuka ngazi. Hakurudi kwenye rola. Alikwenda moja kwa moja mezani kwa Kipaza, akashika kikapu kwa ule mpini mmoja uliobaki, akakibeba mpaka katikati, palipo na meza ndefu ya kukunjia. Akamwashiria wa mashine azime. Mlio wa mapipa ulipokufa, watu walisikiana wakipumua.

"Mzee wangu, unafanya nini?" Kipaza alikuwa nyuma yake mbiombio.

"Nawarudishia watu mali yao." Akaipata simu ya Chapchap, akampa. "Binti yangu, dada yako hakukusaliti, ukamwombe radhi leo hii. Ulimwandikia yeye, wakasoma wao. Mimi uliniandikia picha ni tatu, leo bosi kanitajia tatu kwa mdomo wake, na kiti akanivutia. Hili dude linasoma kila mnachoandika. Linatazama picha za watoto wenu wakioga. Linasikiliza."

Mtu mmoja wa upande wa taulo akasema, "Hata nilichomwandikia mke wangu?"

"Kama ulimwandikia la maana," alijibu mwingine, na kicheko kikatoka kidogo, cha wasiwasi, kikakatika.

"Acheni kutiwa maneno," alisema Kipaza. "Programu ni ya kusaini. Hata mimi ninayo."

Chapchap akamgeukia. "Unayo?"

"Ninayo. Nilijiwekea wa kwanza."

"Na lile jina unalomwitaga bosi ukimwandikia mkeo, lile la mnyama, uliliandika kabla au baada?"

Kipaza akaipapasa simu yake mfukoni, akaitoa, akaishika kama imemuunguza. "Baada," alisema kwa sauti ambayo hawakujua anayo. Halafu, "Inafutwaje hii?"

Chapchap ndiye aliyewaonyesha, kama alivyoona kwa fundi jana yake: ingia huku, zima ruhusa zote kwanza, kisha futa. Alianza na yake. Mikono ile iliyozoea mashuka mia tatu kwa zamu ilipita simu moja baada ya nyingine, na kila akimaliza moja anaigeuza, anaing'oa tepu kwa ukucha. "Namba mpya weka mwenyewe," alikuwa akisema. "Usiniambie. Mimi sitaki kuijua. Geuka huko." Vipande vya tepu vilijaa mezani, vyeupe, vimejikunja, vina majina ya watu na namba ambazo hazifungui kitu tena. Mmoja mmoja akasita, akataja kodi, akataja mtoto. Wakangojewa. Wawili hawakufuta, na hakuna aliyewasema.

Juu ya ngazi meneja alisimama akatazama. Alitegemea kusema na mtu mmoja, akakuta arobaini na kitu wamesimama, mapipa yamezima, na lori la hospitali linapiga honi nje likidai mashuka. Saa kumi jioni daftari la kusaini lilirudishwa getini likiwa na kalamu yake ya kamba, bila maelezo. Wakubwa kukiri kosa ni mwiko, wao hurudisha daftari tu.

Mzee Rola akalifungua, akaandika jina lake na saa yake ya kutoka kwa mwandiko wa darasa la nne, herufi zimelala kama walevi. Hakujua kama jina hilo litakuwepo kesho kutwa. Akaliandika kubwa.

Alhamisi saa nne kasorobo alikuwa kwenye benchi nje ya mlango wa afisa, shati limenyooshwa kwa rola, simu ndani ya shati. Chapchap alikuja naye kabla ya zamu yake ya mchana. Na nyuma yao, akijifanya amepita tu, Kipaza.

"Wewe umefuata nini?" Chapchap alimuuliza.

"Waya ule nilifunga mimi," alisema Kipaza akiangalia sakafu. "Niliagizwa. Nikiulizwa nitasema niliagizwa na nani."

Maneno aliyokuwa nayo Mzee Rola kwa mtu huyo yalikuwa mengi, na hayakuwa mazuri, na hakuyatupa. Aliyaweka. "Ukiulizwa," alisema.

Ndani palikuwa na meza, viti vitatu, kabati la mafaili, na ukutani tangazo la zamani la serikali: mtu amevaa kofia ngumu, chini yake maandishi kwamba usalama kazini ni haki yako. Meneja alishafika, amekaa karibu na meza, karibu mno. Taarifa ya ajali ilikuwa wazi mbele ya afisa, muhuri wake unaonekana mpaka mlangoni.

"Simu unayo?" aliuliza afisa.

"Ninayo."

"Ifungue, tuone."

Mzee Rola akaitoa, akaiweka mezani, tepu juu. Zile saba zenye vimkia zikamtazama meneja. Meneja naye akazitazama, macho yakienda kasi juu ya namba ile.

"Isome tu vizuri," Mzee Rola alimwambia. "Haifungui." Kisha akamgeukia afisa. "Mama, mimi siifungui huyu bwana akiwa anaangalia. Kwanza atazame ukutani."

"Huu ni utoto," alisema meneja.

Afisa akavaa miwani yake. "Bwana meneja, tazama ukutani."

"Mimi ni mwakilishi wa kampuni."

"Utaiwakilisha ukiwa umetazama huko."

Meneja akageuka, na kiti chake kikalia kwenye sakafu. Mbele ya pua yake pakawa na yule mtu wa kofia ngumu. Mzee Rola aliifunika simu kwa kiganja cha kushoto, na kwa kidole kilichokomaa akabonyeza namba yake, moja, akapumzika, ya pili, akapumzika. Hakuwa na haraka. Aliufuata ule mstari miezi yote ile kwa miguu, sasa ulikuwa umbali wa mkono. Ya tatu. Ya nne. Akamsogezea afisa. "Aliyefunga waya yuko hapo nje, anasema aliagizwa," alisema.

Afisa alitazama picha ya kwanza. Akaikuza kwa vidole: waya mwekundu, mara mbili. Akatazama ya pili. Kwenye ya tatu, ile yenye ubao wa zamu, alibonyeza mahali fulani, ikamtolea siku na saa. Akasoma tarehe ya ubaoni, akasoma ya kwenye simu, akasoma ya kwenye taarifa. Akarudia. Chumbani palisikika saa ya ukutani na pumzi ya meneja ikigonga tangazo.

"Kufuli mnasema lilikuwepo," afisa alisema.

"Ndivyo ilivyoandikwa," meneja aliuambia ukuta.

"Ndivyo ilivyoandikwa," afisa alikubali. "Hapo nje kuna mtu anasema waya alifunga yeye kwa amri. Nitamsikiliza naye." Akachukua kalamu, akaweka rula juu ya taarifa kama mwanafunzi, akapiga mstari mnyoofu juu ya maneno yale, kuanzia "marehemu" mpaka "utaratibu". Pembeni akaandika kwamba maelezo haya hayakubaliki, taarifa iandikwe upya, akatia sahihi na tarehe.

"Nisomee," alisema Mzee Rola.

Akamsomea.

"Tena."

Akamsomea tena, polepole zaidi. Mzee Rola alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili, kidole gumba kinapita juu ya tepu, juu ya wino wa mama.

"Samahani," alisema meneja, shingo imemkakamaa. "Naweza kugeuka sasa?"

Afisa alimtazama Mzee Rola.

"Bado," alisema Mzee Rola.